Featherstone, mzee wa vita vya mezani, na ruga-ruga wa Mirambo waliofika Uingereza wakiwa sanamu

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

JINA la Donald Featherstone halijulikani katika mitaa ya Kahama wala Geita. Alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa Machi 20, 1918 na kufariki dunia Septemba 3, 2013 akiwa na umri wa miaka 95. Kazi iliyomlisha ilikuwa tiba ya viungo, na miongoni mwa watu waliopita mikononi mwake ni wachezaji wa klabu ya soka ya Southampton. Hata hivyo, kwa wapenzi wa mchezo wa vita vya mezani, ule unaochezwa kwa sanamu ndogo za askari, dadu na rula, kifo chake kilipokewa kama kifo cha mzee wa ukoo.

Msomaji wa Shinyanga anaweza kuuliza jambo hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu moja kubwa. Miongoni mwa majeshi yanayopangwa juu ya meza hizo za Ulaya na Marekani limo moja lililokanyaga ardhi hii tunayoishi: ruga-ruga, vijana wa vita wa mtemi Mirambo. Mafundi wa Uingereza wamewachonga, wakawamimina kwa madini na kuwauza kwenye pakiti, na wanunuzi huwapaka rangi nyekundu ya vitambaa vyao na kuwapigisha tena vita vya miaka ya 1870. Sisi tuliozaliwa katika njia walizopita tunawajua kwa mistari michache ya kitabu cha historia cha sekondari.

Kabla ya kufika kwa Mirambo, inafaa kueleza mchezo wenyewe na jinsi mtaalamu huyo wa viungo alivyoutoa katika vyumba vya watu wachache na kuufikisha kwa umma.

Bao lenye dadu

Watu wa kanda hii hawana haja ya kufundishwa kwamba vita vinaweza kuchezwa mezani. Wasukuma wanao mchezo wa isolo, ndugu wa bao la Kiswahili linalochezwa pwani kwa mashimo 32 na kete 64. Lugha ya bao ni lugha ya mapambano: mtu hula, huliwa, hulinda nyumba yake. Drafti nayo imejaa kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Ibinzamata hadi Katoro. Anayekaa pembeni ya kijiwe cha drafti kwa nusu saa tu atasikia matusi ya kirafiki ambayo jemadari yeyote angeyatambua.

Lakini katika bao na drafti hakuna bahati. Kete zote ziko wazi, na mwenye akili zaidi hushinda. Mchezo wa vita vya mezani umejengwa juu ya wazo tofauti, kwamba katika vita halisi jemadari hajui kila kitu na askari wake si kete. Huchoka, huogopa, hukimbia, na mara nyingine hushambulia wakati hawajaamriwa. Kwa hiyo kila jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu, na uzito wa dadu hupunguzwa au kuongezwa kulingana na hali: umbali wa kulenga shabaha, kama adui amejificha nyuma ya ukuta, kama kikosi kimeshapoteza watu wengi.

Mwendo hupimwa kwa rula au futi kamba ya fundi. Askari wa miguu huenda inchi kadhaa kwa zamu, farasi huenda mbali zaidi, na mzinga huburutwa kidogo kidogo. Kilima, mto na msitu hutengenezwa kwa mbao, gundi na mabaki ya vitu, na kila kimoja hupunguza mwendo au hutoa kinga. Sanamu zinazotumika sana siku hizi zina urefu wa milimita 28 hivi, yaani zaidi kidogo ya inchi moja, na mwenye mapenzi anaweza kutumia jioni nzima akipaka vifungo vya koti la askari mmoja.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni ile inayohusu ari. Karibu kila mfumo wa kanuni una hatua ambapo kikosi kilichoumizwa hupimwa kwa dadu kuonyesha kama kitasimama, kitarudi nyuma au kitatawanyika. Mchezaji anaweza kuwa amepanga kila kitu vizuri, halafu vijana wake bora wakageuka na kukimbia kwa sababu ya dadu mbili mbaya. Wageni wa mchezo hulalamika kwamba huo si uungwana, ilhali askari wengi waliopigana kweli wangesema ndiyo sehemu inayofanana zaidi na walichokiona.

Maofisa wa Prussia na mwandishi wa hadithi

Mchezo wa namna hii haukuanza kama burudani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz aliwasilisha kwa wakuu wake mchezo wa kufundishia maofisa, uliochezwa juu ya ramani kwa vibao vidogo, dadu na mwamuzi. Mkuu wa majeshi wa wakati huo, Karl von Müffling, aliupenda, ukaingia jeshini. Ujerumani iliyokuja kuitawala nchi hii ilikuwa na jeshi lililouzoea mchezo huo kwa miongo mingi.

Kuuhamisha kutoka kambini hadi sebuleni ni kazi iliyofanywa hasa na mwandishi wa riwaya H. G. Wells, yule wa hadithi za safari za wakati na wavamizi kutoka sayari ya Mars. Mwaka 1913 alichapisha kitabu kidogo, “Little Wars”, akieleza jinsi yeye na rafiki zake walivyopiga vita sakafuni kwa askari wa kuchezea na vimizinga vya springi vilivyorusha vijiti vya mbao. Wells hakuwa mshabiki wa vita. Alimaliza kitabu chake kwa hoja kwamba anayeonja ugumu wa vita vidogo vya sakafuni hatakosa kuona vita vikubwa vilivyo upumbavu na hasara.

Mwaka uliofuata Ulaya iliwaka moto, na moto huo ulifika hapa. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, kisha wakashuka kusini kupitia Shinyanga, huku Wabelgiji wakitokea magharibi. Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19, 1916. Waliokufa kwa wingi katika kampeni hiyo ya Afrika Mashariki hawakuwa maofisa waliosoma mchezo wa von Reisswitz. Walikuwa wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliouawa na njaa, malaria na kuhara.

Mtaalamu wa viungo aingia uwanjani

Featherstone alikisoma kitabu cha Wells akiwa mtoto. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alitumikia katika vikosi vya vifaru vya Uingereza, kwa hiyo alipokuja kuandika juu ya vifaru vya sentimita chache alikuwa mtu aliyevijua vile vya tani nyingi. Baada ya vita alifanya kazi Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na katikati ya miaka ya 1950 akaanza kucheza na Tony Bath, mpenzi wa majeshi ya kale ambaye naye alikuwa mkazi wa huko.

Wakati huo wachezaji wa aina yao walikuwa wachache na walitawanyika. Wengi walidhani wako peke yao duniani, na baadhi walificha meza zao ili majirani wasiseme mtu mzima anachezea vidude vya watoto. Marekani, mtengeneza sanamu Jack Scruby wa California alikuwa ameanzisha jarida dogo mwaka 1957. Featherstone na Bath walisaidia kulihariri upande wa Uingereza. Mwaka 1961 Featherstone aliandaa huko Southampton mkutano unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa wachezaji hao nchini Uingereza, na mwaka 1962 akaanzisha jarida lake mwenyewe, “Wargamer's Newsletter”, lililotoka kila mwezi hadi mwaka 1980.

Mwaka huohuo wa 1962 ndipo kilipotoka kitabu chake “War Games”. Hakikuwa kinene, wala hakikuandikwa kwa lugha ya kutisha. Kilieleza jinsi ya kupata au kutengeneza askari, jinsi ya kujenga uwanja, na jinsi ya kuandika kanuni. Kisha kilisimulia mapambano matatu, moja la zama za kale, moja la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani na moja la Vita Kuu ya Pili, kila moja likiwa na kanuni zake fupi. Msomaji alikifunga kitabu akiamini kwamba yeye pia anaweza.

Hapo ndipo ilipo siri ya kupendwa kwa mtu huyu. Featherstone hakuuza kanuni kama mtu auzaye dawa ya siri. Alirudia mara kwa mara kwamba kanuni zake ni mwanzo tu, na kwamba mchezaji asome historia, afikiri, kisha atunge zake. Kwa jumla aliandika zaidi ya vitabu arobaini. Vimo vya vita vya majini na vya angani, kimo cha kampeni za muda mrefu, na kimo kimoja cha mwaka 1973 kwa ajili ya mtu asiye na mwenzake, kinachoeleza jinsi ya kucheza peke yako bila kujidanganya. Kitabu hicho cha mwisho naona ndicho kinachomfaa zaidi mwalimu wa historia aliyepangiwa shule ya kata Mbogwe.

Gharama nayo ilikuwa hoja. Katika miaka ya 1950 wachezaji wengi walimimina askari wao wenyewe jikoni, wakiyeyusha risasi na kuimwaga kwenye kalibu. (Kiswahili chetu kimeyaunganisha madini hayo na kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki kwa neno moja, jambo ambalo Featherstone angelifurahia.) Ikumbukwe kwamba mvuke wa risasi ni sumu, na watu wa ukanda wa dhahabu, wanaojua madhara ya zebaki, hawahitaji kuambiwa mara mbili. Baadaye kampuni ya Airfix ilianza kuuza visanduku vya askari wa plastiki kwa bei ambayo mtoto wa shule aliweza kuimudu, na hao, pamoja na vitabu vya Featherstone kwenye maktaba za umma, ndio waliozaa kizazi kizima cha wachezaji.

Kutoka kwenye kizazi hicho yametoka mambo ambayo hata vijana wetu wanayajua bila kujua chimbuko lake. Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, waliotoa mchezo wa “Dungeons & Dragons” mwaka 1974, walitokea katika jamii hiyo ya vita vya mezani. Kanuni ya kumpa mhusika nafasi ya mwisho ya kujiokoa kwa dadu, ambayo mchezo wao uliieneza, ilikuwa imetumika kabla katika kanuni za akina Bath na Featherstone. Michezo mingi ya kompyuta na simu, yenye pointi za uhai na viwango vya silaha, ni wajukuu wa meza hizo.

Ulyankulu, Agosti 1871

Sasa turudi nyumbani. Namna bora ya kuonyesha alichofundisha Featherstone ni kuchukua pambano moja la kwetu na kuliweka mezani.

Mwaka 1871 Mirambo alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Alikuwa ameunganisha himaya ndogo za Unyamwezi magharibi na kujenga dola iliyoitwa Urambo, katikati ya njia ya misafara itokayo Tabora kwenda Ujiji. Alitaka misafara ilipe hongo ya kupita, na alitaka sehemu yake katika biashara ya pembe za ndovu. Waarabu wa Tabora, waliokuwa na nguvu Unyanyembe, waliona hilo ni tusi. Mwezi Agosti waliondoka na jeshi kubwa kwenda kumkomesha. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone na ambaye njia yake ilikuwa imefungwa, alijiunga nao na watu wake.

Kikosi cha mbele, chini ya kijana Soud bin Said, kilifika Ulyankulu, ngome ya Mirambo, kikaiteka bila shida kubwa. Ndani kilikuta pembe za ndovu, marobota ya nguo na watu wengi wa kuteka. Stanley alikuwa kitandani kwa homa katika kijiji walichokiteka mwanzo, hivyo hakwenda. Soud na watu wake walianza kurudi jioni wakiwa wameelemewa na mali. Mirambo hakuwa amekimbia. Alikuwa amejilaza na ruga-ruga wake kwenye nyasi ndefu pande zote mbili za njia. Walipofika katikati, nyasi zikainuka. Soud aliuawa pamoja na Waarabu wengine, na baadhi ya watu wa Stanley nao hawakurudi. Jeshi lote lilivunjika, kila mtu akatafuta njia yake ya kurudi Tabora. Siku chache baadaye, Agosti 22, Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Mtu akisoma habari hiyo mara moja husema Mirambo alikuwa mjanja, basi. Mtu anayetakiwa kuigeuza iwe mchezo hujikuta akiuliza maswali ambayo kitabu cha shule hakikumwuliza. Njia ilikuwa na upana gani? Nyasi za Agosti, wakati wa kiangazi, zilikuwa na urefu gani, na kwa nini hazikuwa zimeshachomwa? Mtu mwenye gobore la kujaza baruti kwa mdomo wa mtutu hupiga mara ngapi kabla mwenye mkuki hajamfikia? Mpagazi aliyebeba pembe huitupa lini? Na mtemi aliwezaje kuwashikilia vijana mia kadhaa wakae kimya kwenye nyasi huku wakiona kijiji chao kinaporwa?

Majibu ya maswali hayo ndiyo kanuni za mchezo. Kila robota la mali hupunguza mwendo wa kikosi kilicholibeba, na kamanda anayetaka kuliacha lazima arushe dadu kuona kama watu wake watakubali, maana wengi walikuja kwa ajili ya mali na si kwa ajili ya kamanda. Mchezaji wa upande wa Mirambo huandika kwenye karatasi mahali watu wake walipolala na kuikunja. Gobore hupiga mara moja kwa kishindo, kisha linahitaji zamu nzima kujazwa tena.

Lipo tatizo moja: mchezaji wa upande wa Waarabu akijua historia hataingia kwenye nyasi. Wachezaji wazoefu hulitatua kwa kulificha pambano. Hubadili majina na mavazi, huligeuza liwe la Warumi msituni au la karne nyingine kabisa, kisha humwacha jamaa ajiingize mwenyewe. Akishapigwa ndipo anaambiwa ni vita gani aliyoipoteza. Anayewindwa namna hiyo huwa hasahau jina la Ulyankulu.

Ruga-ruga wa inchi moja

Kuanzia miaka ya 1970 wachezaji wa Uingereza na Marekani walivutiwa sana na vita vya karne ya 19 nje ya Ulaya. Featherstone mwenyewe alikuwa ameandika juu ya vita vidogo vya kikoloni, na mwaka 1979 Mmarekani Larry Brom alitoa kanuni za “The Sword and the Flame” zilizopata wafuasi wengi. Vita hivyo vilichezwa kwa mtazamo wa Mwingereza mwenye koti jekundu aliyezungukwa na adui wasio na majina.

Baadaye mchongaji Mark Copplestone alitengeneza mfululizo wa sanamu za Afrika ya Mashariki na Kati ya enzi za wapelelezi, uliouzwa na kampuni ya Foundry. Humo wamo ruga-ruga, watu wa misafara ya Zanzibar, wapagazi na wapelelezi wa Kizungu. Mwandishi Chris Peers naye alifanya utafiti wa majeshi ya Kiafrika ya wakati huo na kutunga kanuni ambazo Mirambo anaweza kupigana na Waarabu wa Tabora, au watemi wakapigana wao kwa wao, bila Mzungu hata mmoja mezani. Hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Jemadari wa Kinyamwezi ana malengo yake, udhaifu wake na njia yake ya kushinda.

Majina ya bidhaa hizo, yenye kulitaja bara letu kuwa la giza, yanakera, na sioni sababu ya kuyapamba. Lakini kukereka kusitufanye tusione kazi iliyomo. Mpakaji rangi wa Nottingham anayetaka kuwa sahihi hulazimika kujua kwamba ruga-ruga wengi walipenda kitambaa chekundu na manyoya kichwani, kwamba walikuwa vijana waliotoka makabila mbalimbali, wengine wakiwa watoro na mateka wa zamani, na kwamba kilichowaunganisha kilikuwa kamanda na mgao wa nyara kuliko ukoo.

Kwa upande wetu, ramani ya mambo hayo iko chini ya miguu yetu. Dola ya Mirambo ilisukuma vita kaskazini hadi Usumbwa na kusini mwa Usukuma, yaani maeneo ambayo leo ni Kahama, Ushetu, Mbogwe na Bukombe. Aprili 1876 Stanley, akishuka kutoka Karagwe, alikutana naye uso kwa uso katika mji alioutaja kwa jina la Serombo, jina ambalo msikio wa mtu wa Bukombe hautashindwa kulilinganisha na Ushirombo. Stanley alitarajia jambazi. Alikuta mtu mpole wa sauti ya chini, mwenye adabu, na wawili hao wakala yamini ya udugu wa damu, miaka mitano tu baada ya Ulyankulu. Mirambo alifariki Desemba 2, 1884, mgonjwa, akiwa bado kwenye kampeni, safari hii dhidi ya Ukune. Ukune ni hapa Kahama. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuishikilia dola hiyo, nayo ikasambaratika ndani ya miaka michache.

Mengi ya hayo watu hupita juu yake kila siku kwenye lami ya kwenda Lusahunga wakiwaza bei ya mafuta na gramu za dhahabu.

Kisichofika mezani

Haitakuwa haki kuusifu mchezo huu bila kutaja unachokiacha nje. Katika pambano la Ulyankulu, watu waliotekwa ndani ya ngome ni “mali” kwenye karatasi ya kanuni, sawa na pembe na nguo. Katika historia walikuwa wanawake na watoto wenye majina, na huenda baadhi yao wana vitukuu wanaosoma gazeti hili. Mpagazi mezani ni mzigo unaopunguza mwendo. Kijiji kilichochomwa ni kipande cha boksi kinachorudishwa kwenye kasha ili kitumike Jumamosi ijayo.

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo vita visichezwe kabisa. Hoja yao ina uzito, hasa katika nchi inayopakana na nchi ambako bunduki bado zinalia. Featherstone na wenzake wengi wa rika lake walikuwa wametoka vitani kweli, wakazika rafiki, kisha wakarudi nyumbani na kukaa mbele ya meza yenye askari wa inchi moja. Nadhani tofauti iko katika kile mchezaji anachotakiwa kukijua kabla ya kurusha dadu. Mchezo wa simu unaompa kijana bunduki na adui asiye na uso haumwulizi chochote. Meza ya Featherstone inamtaka kwanza asome: nani alikuwa akipigana na nani, kwa ajili ya nini, kwa chakula gani, na kwa nini watu wale walikimbia.

Na vifaa si kikwazo. Watoto wa Usukuma wamefinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani, wakawatenga kwa mifugo na kuwapiganisha kwa masharti wanayojitungia. Udongo uleule unafinyanga ruga-ruga. Dadu zinauzwa pamoja na ludo dukani. Nyasi ni nyuzi za katani zilizokatwa na kupakwa rangi, na boma la Ulyankulu ni njiti za kiberiti. Kinachohitaji kazi ni kwenda kwa wazee wa Ukune, Ushirombo na Urambo kuuliza njia zilipita wapi na ngome zilisimama wapi, kabla anayejua hajaondoka.

Vitabu vya Featherstone havijapotea. Baada ya kuadimika kwa muda mrefu, vingi vimechapishwa upya na mradi wa historia ya michezo ya vita unaoongozwa na Mwingereza John Curry, na “War Games” ya mwaka 1962 ni kimojawapo.